Shujaa Anapotwaa Nguvu za Wafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maadili Yake

Ukurasa huu ni wa waandishi wa fantasia na waendesha michezo ya mezani ambao mhusika wao mwema amechukua, au amebambikwa, nguvu za wafu: amekuwa mnyonya damu, anawaamsha wafu, au amerudi kutoka kaburini. Kila swali linajitegemea. Ukiwa na haraka, soma lile la hesabu ya njaa (la shujaa anayekunywa damu) na lile la lugha (la kuonyesha mabadiliko). Ndiyo yanayorukwa sana, na ndiyo yanayoiangusha kazi.

Je, ni lazima nguvu za wafu zimfanye shujaa awe mwovu?

Si lazima awe mwovu. Ila ni lazima abadilike, maana asipobadilika umempa upanga mwingine tu, huu ukiwa umepakwa rangi nyeusi.

Kabla hujaandika chochote, amua uovu unakaa wapi katika ulimwengu wako. Kuna majibu mawili yanayosimama. La kwanza ni kwamba nguvu yenyewe ni chafu kama sumu: anayeigusa huchafuka, hata kama ameigusa ili kumwokoa mtoto. La pili ni kwamba nguvu haina wema wala ubaya, ila humwondolea mtu vile vitu vilivyokuwa vikimzuia. Jibu la kwanza ni jepesi kuandika na huleta hofu mapema, lakini linamfutia shujaa lawama. Msomaji atasema, "Si yeye, ni sumu." La pili ni gumu zaidi na ndilo tunalolipendekeza, kwa sababu kila hatua ya kuporomoka inabaki kuwa yake mwenyewe.

Ukishachagua, usigeuke. Ulimwengu unaosema kwa sura 20 kwamba nguvu ni kama moto, kisha katika sura ya 21 ukamfanya shujaa aue rafiki yake kwa sababu "giza limemtawala", umemdanganya msomaji.

Nitumie maneno gani? Naona kila mwandishi ana lake.

Tofautisha kwa utashi, si kwa sura. Msukule ni mfu anayetumwa, hana hiari. Mzuka ni roho inayoonekana bila mwili wa kushikika. Mnyonya damu ana mwili, ana akili, ana njaa. Kwa mchawi aliyejiua kwa hiari ili aendelee kuishi katika mwili mkavu, sisi husema mchawi-mfu. Anayewaamsha wafu ni mfufua-wafu. Jina la jumla, wafu-hai, linatosha pale ambapo wahusika wenyewe hawajui wanakabili nini. Usimwite shujaa wako msukule halafu ukampa maamuzi ya kimaadili. Neno lenyewe limeshamnyang'anya hiari.

Ni kitu gani hasa kinachobadilika ndani yake?

Anza na mwili. Waandishi wengi huanza na roho, wakaishia kwenye ukungu: "moyo wake ukawa baridi", "macho yake yakapoteza nuru". Huruma ya binadamu hupitia mwilini. Tunamwonea huruma mwenye njaa kwa sababu tumewahi kulala na njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na shujaa aliyetwaa nguvu za wafu ni mtu aliyeshiba milele.

Kwa hiyo andika orodha ya alichoondolewa, kisha ukifuate kila kimoja hadi kwenye uamuzi mbaya.

Usingizi: hahitaji tena. Usiku wa kwanza ni faida tupu, analinda kambi peke yake. Baada ya mwezi anaona saa nane wanazolala wenzake kuwa ni uvivu. Jeshi la miguu lenye mizigo hutembea kama kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Yeye ataagiza 50, na wanaoanguka njiani atawaona wamemsaliti.

Maumivu: hayasikii, au anayasikia kama habari tu, kama mtu anayeambiwa kuna mvua nje. Hapo mateso ya mateka yanageuka kuwa swali la manufaa: yataleta taarifa au hayaleti?

Hofu ya kufa: hiki ndicho chenye utamu. Asiyeogopa kufa hawezi kuwa jasiri, kwa sababu ujasiri ni kutenda huku unaogopa. Shujaa aliyesifiwa kwa ujasiri wake amepoteza kile alichosifiwa, na hajui. Tena anaacha kuuheshimu ujasiri wa wengine. Anawaamuru wapiga mishale wavuke mto uliofurika kwa kuwa yeye angetembea chini ya maji akatokea ng'ambo.

Chakula: hakionekani jambo kubwa, lakini mezani ndipo alipokuwa akisikia malalamiko ya watu. Ukimwondolea sahani, umemwondolea pia baraza lake.

Muda: ana miaka mia mbele yake, basi ahadi ya "tutajenga upya" inaweza kungoja. Wajane hawana miaka mia.

Usivitumie vyote. Chagua vitatu, kimoja kiwe cha mapema na chenye faida ya wazi, kimoja cha katikati, na kimoja ambacho msomaji hatakiona hadi madhara yawe yameshatokea.

Je, kila aina ya nguvu inaharibu kwa namna ileile?

La, na hapa ndipo wengi wanapochanganya madawa.

Mnyonya damu huharibiwa na haja. Anawahitaji walio hai, kwa hiyo hawezi kuwachukia moja kwa moja, atawafuga. Dhambi yake ya mwisho ni kumpenda mtu kama mfugaji anavyompenda ng'ombe wake.

Mfufua-wafu huharibiwa na utii. Amezoea watumishi wasiobisha, wasiochoka, wasiouliza mshahara. Akirudi kwa binadamu, kila swali analoulizwa linamkera. Mporomoko wake unaonekana kwanza katika uongozi: anawabadilisha washauri, halafu anaacha kuwa nao.

Mchawi-mfu huharibiwa na muda, na aliyerudi kutoka kaburini kulipa kisasi huharibiwa na lengo. Huyu wa mwisho ni rahisi kuliko wote: chochote kisichomsogeza kwenye kisasi kinapoteza uzito. Anaweza kuwa mpole kabisa, na bado akamwacha mtoto azame kwa sababu njia ya adui inaelekea upande mwingine.

Kuna pia shujaa mwenye silaha ya wafu, ambaye bado ni mzima. Faida yake ni kwamba anaweza kuiweka chini. Kila sura asipoiweka chini ni uamuzi, na uandike hivyo.

Shujaa wangu anakunywa damu lakini ana miiko: wahalifu tu. Hiyo haitoshi?

Fanya hesabu kabla ya kumwamini.

Tuseme anahitaji uhai mmoja kwa mwezi. Hiyo ni 12 kwa mwaka. Ameuokoa mji wenye watu 300 kwa nguvu hiyo, na kila mtu anamshukuru. Mwaka wa 25 atakuwa ameshaua watu 300. Tangu hapo, kwa hesabu kavu, mji ungepata hasara ileile kama asingekuja. Akiishi miaka 200, ni 2,400. Tarehe hiyo ya mwaka wa 25 iandike pembeni ya daftari lako hata kama hadithi haifiki huko. Mhusika mwenye akili ataifikiria usiku, na adui mwenye akili atamtajia.

Sasa mwiko wa wahalifu. Mji wa watu 300 una wauaji wangapi kwa mwaka? Huenda hata mmoja hakuna. Mwezi wa tatu atakuwa amemaliza waliomo gerezani. Mwiko hauvunjiki, unapanuka: kwanza wauaji, kisha wanyang'anyi, kisha askari watoro, kisha wagonjwa ambao "wangekufa tu". Kila upanuzi upe tukio lake, na katika kila tukio mpe hoja nzuri. Hoja mbovu humfanya msomaji amdharau. Hoja nzuri humfanya akubali, halafu ajishtukie.

Njia ya pili ni damu ya hiari bila kuua. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza asilimia 40, yaani kama lita 2, maisha yake yamo hatarini. Wachangia damu hospitalini hutoa karibu nusu lita kwa mara moja, na kwa huduma nyingi hupumzika siku 56 au zaidi. Basi kama shujaa wako anahitaji nusu lita kwa siku, anahitaji watu 56 wanaopokezana bila kukosa. Toa watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa katika ule mji wa 300. Wakibaki 150, zaidi ya theluthi yao wamo kwenye zamu. Mmoja akiugua, nani anaziba pengo? Nani anashika orodha? Na mtu anaweza kweli kukataa kumpa damu yule anayelinda lango?

Hapo shujaa ana kodi, mkusanya kodi na raia, na hajamuua mtu hata mmoja. Kwetu sisi hii inatisha kuliko mauaji, na ni ajabu jinsi inavyoandikwa mara chache.

Kuwaamsha wafu ni kosa gani ikiwa hawamdhuru mtu?

Inategemea umeamua nini kinabaki ndani ya maiti. Kuna ngazi tatu. Kama roho imeshakwenda na mwili ni chombo kitupu, kosa ni dhidi ya walio hai: mama aliyeona mwanawe akibeba mawe kwenye ngome. Kama roho inavutwa kurudi, kosa ni dhidi ya marehemu mwenyewe, na hapo ni utumwa, wala usiupake asali. Kama roho imebaki nusu, inasikia lakini haiwezi kusema, basi kila uamsho ni mateso, na shujaa anayelijua hilo akaendelea amekwisha vuka.

Ridhaa huibadilisha picha nzima. Askari wanaoapa wakiwa hai kwamba miili yao itumike siku 30 baada ya kufa ni jambo linaloweza kutetewa. Siku ya 31 ndiyo hadithi yako: adui bado yuko langoni.

Usisahau pia gharama ya kuwashika. Katika kanuni za mwaka 2014 za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa fantasia, mchawi aliyeamsha mifupa au mizoga hupoteza mamlaka juu yake baada ya saa 24 asipoirudia ile dua, na dua moja ya daraja la tatu hushikilia wanne tu. Ukiwa na 12, ni dua tatu kila siku, nguvu ambazo zingeweza kutumika kwa kitu kingine. Kitabu hichohicho kinasema wazi kwamba kuumba wafu-hai si tendo jema na kwamba waovu tu ndio wanaolifanya mara kwa mara. Hata usipocheza mchezo huo, kanuni ya saa 24 ni ya kuazima. Inamlazimisha shujaa kuamua upya kila asubuhi, na siku atakaposahau, watu watakufa kwa uzembe tu, bila uovu wowote. Mauaji ya uzembe ni ngazi nzuri ya katikati.

Je, akizitumia mara moja tu, kwa dharura?

Mara moja haimharibu. Kinachomharibu ni kwamba ilifanya kazi.

Nionyesheje mabadiliko bila kuyatangaza?

Kwa lugha yake. Kiswahili kimekupa chombo ambacho ni dhambi kukiacha: ngeli na upatanisho.

Viumbe hai tunavipa upatanisho wa A-WA hata jina likiwa na umbo jingine: kijana anakuja, kiongozi amesema. Neno maiti limekaa mpakani. Kuna asemaye maiti amezikwa, kuna asemaye maiti imezikwa. Shujaa wako aanze upande wa kwanza, kisha avuke bila msimulizi kusema kitu. Na kabla ya maiti kuna marehemu, neno la heshima. Baada yake kuna mfu. Chini kabisa kuna mzoga, ambalo ni la mnyama. Ngazi nne hizo zinatosha riwaya nzima.

Tazama mfano. Mwanzoni, baada ya vita:

"Marehemu wako sita. Tuwazike kabla jua halijachwa."

Sura kadhaa mbele:

"Maiti ziko sita. Nne zinafaa."

Na karibu na mwisho, akiwatazama wanakijiji walio hai wakichota maji:

"Vipo arobaini pale. Thelathini vinafaa."

Anayemjibu asimkemee. Amsahihishe tu, kwa sauti ya chini: "Wapo, bwana. Wapo arobaini." Ukiongeza hata sentensi moja ya ufafanuzi baada ya hapo, umeiua. Na mhariri wako akikurudishia hiyo "vipo" kama kosa la sarufi, mweleze kwa upole kwamba aliyekosea ni shujaa.

Dalili nyingine za lugha: anaacha "tafadhali" na "pole", anaanza kusema "wao" alipokuwa akisema "sisi", wakati ujao wake unarefuka, kutoka "kesho" hadi "kizazi kijacho". Majina nayo. Kiongozi aliyekuwa akimjua kila askari kwa jina na jina la mama yake, sasa anawaita kwa kazi: mpishi, mlinzi, yule wa farasi.

Nipangeje mporomoko katika riwaya?

Chukua riwaya ya sura 30 kama kipimo, utarekebisha mwenyewe. Sura 1 hadi 6 zitumie kumwonyesha akilipa gharama kwa njia ya kawaida: anachoka, anashindwa, anazika. Bila hizo hatutajua alichopoteza. Mkataba, yaani pale anapozitwaa nguvu, uwe sura ya 7 au 8, na uwe uamuzi ambao msomaji angeufanya pia. Sura ya 9 na 10 nguvu inaleta ushindi safi, bila doa. Usiwe na haraka ya kumwadhibu.

Sura ya 12 ndipo mtu mwingine analipa kwa mara ya kwanza, na shujaa hajui. Sura ya 14 anajua, anaumia, anaahidi. Sura ya 17 anajua kabla hajatenda, na anatenda. Umbali kati ya 14 na 17 ndio moyo wa kitabu, kwa hiyo upe kurasa nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Kuanzia sura ya 20 haumii tena, na kinachoumia ni wale walio karibu naye. Sura ya 24 au 25 mpe mlango wa kutoka ulio wazi kabisa na wenye gharama kubwa. Alichofanya hapo ndicho alicho.

Kinachoharibu zaidi ni kwamba mwandishi huruka kutoka 10 hadi 20. Msomaji anakuta shujaa anachoma ghala la chakula na hajui ilikuwaje. Ukijikuta unalazimika kuandika "polepole alikuwa amebadilika", rudi nyuma; kuna tukio uliloliruka.

Nani aone mabadiliko?

Si yeye. Ukisimulia kwa nafsi ya kwanza, shujaa ajione ni yuleyule hadi mwisho. Msomaji ndiye aone pengo kati ya anachosema na anachotenda. Ukisimulia kwa nafsi ya tatu, weka shahidi mmoja aliyemjua zamani na asiye na nguvu ya kumzuia: mtunza farasi, dada, mwalimu wake wa upanga. Shahidi mwenye nguvu atageuka kuwa mpinzani, na hadithi itahamia kwenye vita vyao wawili. Mtoto kama shahidi ni mtego; mara nyingi anatumika kumlazimisha msomaji alie.

Kwenye mchezo wa mezani nipimeje maadili bila kumpokonya mchezaji mhusika wake?

Kuna mifano miwili mikubwa. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa na mielekeo mitatu tu ya wahusika: sheria, vurugu, na katikati. Baadaye miaka ya 1970 ikafika tisa, kwa kuongeza mhimili wa wema na uovu. Huo ni mfumo wa visanduku. Unasema mhusika yuko wapi, lakini hausemi jinsi anavyosogea.

Vampire: The Masquerade, mchezo wa kuigiza wanyonya damu wa mwaka 1991, ilileta kipimo cha utu cha 0 hadi 10. Ukifika 0, mhusika si wako tena, anakwenda kwa msimulizi anayeendesha mchezo. Toleo la tano la mwaka 2018 liliongeza jambo la maana: kwa kawaida unaanza na 7, matendo mabaya yanaleta madoa, na mwisho wa kikao unarusha dadu kulingana na visanduku vya kipimo cha utu vilivyobaki bila alama ili kuona kama mhusika anajuta. Akijuta, madoa yanafutika. Asipojuta, anashuka ngazi moja. Mchezaji pia huchagua misimamo 1 hadi 3, na kila msimamo unafungwa kwa mtu hai mmoja.

Kifungo hicho cha mtu hai ndicho tunachopendekeza uchukue, hata kama mchezo wako ni mwingine kabisa. Utaratibu wa nyumbani unaofanya kazi ni huu. Mpe mchezaji alama 10 za utu na watu watatu anaowataja kwa majina. Kila anapotumia nguvu kubwa, muulize swali moja tu: nani kalipa? Akijibu "mimi", hakuna kinachotoka. Akijibu "adui", weka doa moja. Akijibu "mtu asiyehusika", madoa mawili. Madoa matatu yanaondoa alama moja. Kila alama mbili zinazoondoka, mmoja kati ya watu wake watatu anabadilisha tabia kwake: anamwogopa, anamdanganya, au anaondoka. Kwa kuwa ni watatu, kufikia alama 4 wote wameshaguswa.

Zungumzeni kabla ya kikao cha kwanza kuhusu mwisho wa kipimo. Mchezaji anayejua kwamba alama 0 inampoteza mhusika hucheza kwa uchungu mzuri. Aliyeshtukizwa hukasirika, na ana haki. Wala usizipunguze alama kwa mawazo au kauli. Matendo tu.

Na kama aligeuzwa bila ridhaa yake?

Hali si kosa. Tendo ndilo kosa. Vitenganishe kwa makini. Aliyeng'atwa usingizini hana lawama kwa kuwa na njaa, lakini ana lawama kwa anavyoilisha, na lawama hiyo inapungua au kuongezeka kadiri alivyokuwa na njia nyingine. Kwa hiyo lazima njia nyingine iwepo na iwe mbaya: damu ya wanyama inayomdhoofisha, minyororo kila mwezi mwandamo, au kujizika. Bila njia nyingine umeandika ugonjwa, si maadili. Hilo nalo ni somo zuri, ila ni hadithi tofauti.

Hirizi ya roho ina maana gani kimaadili?

Wazo la kuhifadhi uhai nje ya mwili, ndani ya hirizi au chombo kingine, ni la kale. Katika ngano za Kirusi, Koshchei asiyekufa ameficha kifo chake kwenye ncha ya sindano. Sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya sanduku, sanduku chini ya mwaloni kisiwani. Katika Dungeons & Dragons mchawi-mfu huunda mwili mpya kati ya siku 1 na 10 baada ya kuuawa, mradi chombo chake kimebaki salama, na kwa kanuni za 2014 chombo hicho lazima kilishwe roho za watu.

Kwa shujaa, uzito uko kwenye ulinzi. Mtu ambaye kifo chake kiko kabatini hana anachokipenda kuliko kabati. Mweke achague kati ya ngome yenye hirizi na kijiji chenye watu, umbali wa siku moja kati yao, na jeshi moja tu. Kisha tazama anampa nani mlinzi wa kuaminika zaidi.

Anaweza kurudi kuwa mwema?

Anaweza, kwa masharti matatu. Nguvu imtoke au aizuie kwa gharama inayoonekana. Waliolipa wawe na sauti, pamoja na haki ya kutomsamehe. Na abaki hai muda wa kutosha kufanya kazi isiyo na sifa: kuzika upya aliowaamsha, mmoja mmoja, kwa majina yao. Ukikumbuka ngazi za maneno, hapa ndipo neno marehemu linaporudi kinywani mwake.

Kifo cha kujitoa mhanga kwenye ukurasa wa mwisho ndicho tunachokikataa zaidi. Kwa mtu asiyeogopa kufa, kufa si gharama. Ni mlango wa nyuma.

Adui wake awe nani?

Mtu anayemwambia ukweli. Akiwa mfalme-mfu aliyekubuhu zaidi, shujaa atajilinganisha naye na kujiona afadhali.

Hadithi yangu ni fupi, maneno 3,000 tu. Hayo yote yataingia wapi?

Hayataingia. Chagua nguvu moja, kitu kimoja alichoondolewa, na mtu mmoja anayelipa. Anza mkataba ukiwa umeshafungwa, siku ya 40 hivi, pale ambapo faida bado inaonekana. Maneno kama 1,200 yaende kwenye kazi anayoifanya vizuri kwa nguvu hiyo. Mengine 1,000 kwenye siku ambayo mlipaji anakuja kuomba aachiliwe. Yaliyobaki ni jibu lake. Usieleze alikotoa nguvu, msomaji hatakuuliza. Mpe mlipaji jina, na shujaa alitamke mara moja mwanzoni. Mwishoni, wakati wa kujibu, amwite kwa kazi yake.